Vyumba vya Kamba

Ploti ilikuwa futi hamsini kwa mia, na kwa muda wa mwezi mzima Eucabeth na mumewe, Jairus Ouko, walibishana nyumba ikae upande gani.

Walikuwa wakiishi katika nyumba ya kampuni, vyumba viwili vya mawe kwenye kambi ya wafanyakazi wa majani chai, nje kidogo ya Kericho. Jairus alikuwa mtu wa boila kiwandani, kazi aliyoanza akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Eucabeth alishona sare za shule katika kibanda sokoni. Binti yao Maxine, wa miaka kumi na tatu, hakuwa amewahi kulala nyumba nyingine isipokuwa hiyo ya kampuni. Tangu mwaka uliopita mama yake Jairus naye, Jerusa, alikuwa amekuja kutoka upande wa ziwa ili awe karibu na hospitali, maana nyonga yake ilikuwa imeharibika na hakuweza kwenda hatua tano bila kushikwa. Kwa desturi yao mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa, kwa hiyo usiku alilala kwa mjane mmoja jirani, na asubuhi Maxine alimwongoza polepole hadi kwao.

Halafu mashine za kuchuna majani zikaingia shambani. Watu wakapunguzwa, kambi zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine, na barua ikaja: nyumba irudishwe mwisho wa Juni.

Ploti walikuwa nayo. Jairus alikuwa ameinunua miaka miwili nyuma kutoka kwa mzee mmoja ambaye sasa alikuwa marehemu. Ilikuwa ya nyasi tupu, imeinama kidogo, mbele yake barabara ya murram, na upande wa kulia ua wa bikizee Mkipsigis aliyeitwa Kogo Tapsabei.

Eucabeth alitaka nyumba ikae kulia, karibu na ua huo. Huko ndiko kulikoinuka, maji ya mvua hayangetuama, na jua la asubuhi lingeingia jikoni. Jairus alikataa. Alipoulizwa sababu alisema tu kwamba kushoto ni kuzuri. Eucabeth alishangaa, kwa kuwa mumewe hakuwa mtu wa kubishania mambo ya nyumbani. Rangi ya pazia, mahali pa kitanda, yote alimwachia yeye. Safari hii alikaza. Mwisho Eucabeth akadhani labda amesikia habari za barabara kupanuliwa, akaacha.

Ramani walichorewa na Chege, mchoraji mwenye ofisi juu ya duka la dawa mjini, mtu mwembamba aliyezaliwa Kericho, ambaye baba yake alikuja kutoka Murang'a kufanya biashara na hakurudi. Chege aliwauliza maswali mengi. Wanapika kwa gesi au kuni? Wageni wa kanisa huwa wangapi? Aliposikia habari ya mama, alifikiri kidogo, akachora chumba nyuma kabisa, kona ya kushoto, chenye ukuta mzima bila mlango wa kuingilia ndani, na mlango wake mwenyewe wa kutokea nje, ili kihesabike kama nyumba ya peke yake. Jerusa alipoonyeshwa karatasi aliigusa mahali pale kwa kidole akauliza kama ni kweli. Alichekacheka siku nzima.

Kwa hiyo nyuma kulikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana: jikoni kulia, chumba cha Maxine katikati, cha Jerusa kushoto. Mbele, upande wa barabara, sebule na chumba cha wenye nyumba. Chege mwenyewe aliuliza kwa nini wanaibana nyumba kushoto hivyo ilhali kulia kuna nafasi. Jairus akajibu kwamba hapo ni sawa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne wakaenda kuipima nyumba ardhini. Walienda wote, kwa sababu Jerusa alisema hawezi kuachwa siku ya kuoneshwa chumba chake. Walikodi gari, wakabeba kiti cha plastiki, chai na mikate. Chege alikuja na vigingi, kamba, mfuko wa chokaa na mtaimbo mrefu wa kutobolea mashimo ya vigingi.

Ilipofika saa nane mchana, nyumba ilikuwa imeanza kuonekana. Kamba nyeupe zilikuwa zimevutwa upande wa mbele na wa kulia. Jairus alikuwa upande wa barabara akimwaga chokaa kwenye mstari wa sebule. Eucabeth alikuwa jikoni, yaani ndani ya kamba zilizokuwa jiko, akihesabu kwa nyayo mahali pa sinki na pa kabati. Maxine alikuwa amelala chali chumbani kwake kwenye nyasi, mikono ameinyoosha, apime kama kitanda na meza vitatosha. Jerusa aliketi kwenye kiti chake katikati ya chumba chake, mkoba mapajani, amevaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili, akitazama mahali ambapo mlango wake wa nje ungekuwa.

Wingu jeusi lilikuwa limejaa juu ya mashamba ya chai, kama kawaida ya Kericho saa hizo. Eucabeth aliwaza kwamba wana nusu saa kabla ya mvua.

Chege alisimama kwenye kona ya vyumba viwili, cha Maxine na cha Jerusa. Aliinua mtaimbo, akaushindilia. Mara ya kwanza uliingia kiasi cha shubiri. Mara ya pili ukaingia wote. Uliponyoka mikononi mwake kama umevutwa na mtu, ukapotea ardhini, naye akaanguka kwa matako. Shimo alilobaki akilitazama halikuwa kubwa kuliko mdomo wa kikombe.

Kisha, baada ya muda ambao baadaye Eucabeth hakuweza kusema ulikuwa mrefu kiasi gani, walisikia sauti kutoka chini. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kinachoangukia tope, mbali sana.

Chege aligeuza kichwa polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Msitembee," alisema. "Kila mtu akae alipo."

Eucabeth alikuwa na mguu mmoja mbele. Hakuuweka wala hakuurudisha. Alizitazama nyasi chini yake, nyasi zilezile alizokuwa akizikanyaga tangu asubuhi bila kuwaza. Hakujua kama amesimama juu ya udongo au juu ya kitu chembamba kama ukoko wa ugali. Alimtazama Maxine. Mtoto alikuwa ameinua kichwa tu, macho yamemtoka, shimo likiwa hatua mbili kutoka miguuni pake.

Jairus alidondosha mfuko wa chokaa akaanza kukimbia kuelekea kwao. Ndipo sauti ikatoka upande wa ua.

"Wewe mwanaume, simama. Usikanyage huko."

Alikuwa Kogo Tapsabei. Alikuwa amesimama nyuma ya ua wake na shuka mabegani, mkono mmoja umeshika matawi. Jairus akasimama kwenye mstari wa sebule.

Kogo aliwaambia kwamba ameingia jana kutoka Chebunyo, kwa binti yake, ambako alikuwa tangu Krismasi. Amesikia watu akatoka kuangalia. Hapa palikuwa kambi, alisema, kambi ya kwanza kabisa, kabla ile mpya haijajengwa. Yeye mwenyewe alikaa hapa akiwa msichana akichuna majani. Nyumba zilikuwa mbele, ng'ambo ya barabara. Nyuma kulikuwa vyoo.

"Vyoo vingapi, mama?" Chege aliuliza bila kuinuka.

"Ilikuwa nane. Kwa laini moja, kutoka kwa hii fence yangu mpaka huko kona ya chini." Alionyesha kwa kidole, na kidole chake kikapita juu ya jikoni, juu ya Maxine, juu ya Jerusa. "Refu. Mtu akichimba alikuwa anashushwa na kamba."

"Vilijazwa?"

"Hapana. Waliweka magogo juu, wakaweka mchanga."

Chege alifumba macho kidogo. Magogo ya miaka hiyo yote yalikuwa yameoza. Hakulisema, lakini Eucabeth aliliona usoni mwake. Chege akauliza kama mbele, upande wa barabara, kuna shimo lolote. Kogo akasema hapana, mbele hakuna, mbele ni salama, huko walikuwa wanacheza mpira.

Basi Chege akawaambia la kufanya. Wasisimame. Walale kwa tumbo, uzito usambae, wajiburute kuelekea barabarani, mmoja mmoja, mtoto kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa tayari amelala, akijisogeza kinyumenyume kutoka pale penye shimo kama mtu anayemkwepa nyoka.

Maxine hakusogea. Alianza kutetemeka, na Eucabeth aliona hata nyasi zilizomzunguka zikitikisika. Hapo hofu ya Eucabeth ilizidi kipimo chochote alichokijua. Alijilazimisha kusema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia akimtuma dukani.

"Maxine. Geuka ulale kwa tumbo. Pole pole. Umtazame baba yako, usiangalie nyuma."

Mtoto akageuka. Akaanza kutambaa. Gauni lake lilinasa kwenye kigingi, na Eucabeth akamwambia aliache lipasuke. Alipofika kwenye mstari wa chokaa Jairus alimnyakua akamkumbatia, akampeleka mpaka katikati ya barabara, akamwacha hapo. Kisha Eucabeth naye akalala. Udongo ulinuka mvua. Alitambaa akiwa ameweka sikio karibu na ardhi, na kila alipoweka kiwiko alisubiri kusikia kama kitu kinakatika. Alipofika mbele, aliendelea kutambaa mpaka barabarani alipokuwa Maxine. Chege alifika baada yake, suruali imejaa udongo.

Alibaki Jerusa.

Alikuwa palepale kwenye kiti. Miguu miwili ya nyuma ya kiti ilikuwa imezama kidogo, kiasi cha vidole vitatu, na yeye alikuwa ameinama mbele ili asiegemee. Hakuwa amelia wala kuita. Hakuweza kulala chini mwenyewe, wala kutambaa, kwa nyonga ile.

Watu wawili watatu walikuwa wamejitokeza barabarani. Mmoja wao alikuwa Onsongo, seremala wa ng'ambo ya barabara, na Chege akamtuma mbio alete ngazi ndefu kuliko zote alizonazo. Mwingine alipiga simu kwa wazima moto mjini. Waliambiwa gari litakuja, lakini kwa barabara ile, na mvua ile inayokuja, kila mtu alijua litachukua muda.

Ilikuwa wakati wa kungoja ngazi ndipo jambo lenyewe lilipotoka. Jairus alikuwa akitembea mbele na nyuma kwenye mstari wa chokaa, mikono kichwani, akisema maneno peke yake.

"Alisema ni moja. Mzee alisema ni moja tu, kule kwa ua, na ilijazwa mawe."

Eucabeth alikuwa ameketi barabarani, amemfunika Maxine kwa mikono yake. Aliinua kichwa.

"Mzee gani alisema?"

Jairus akaacha kutembea.

"Baba Maxine. Ulijua?"

"Nilijua ya moja," alisema. "Siku ya kununua aliniambia. Ndiyo maana nikakataa kulia. Niliona tukienda kushoto tutakuwa mbali nayo. Ningekuambia, ungekataa ploti, na hiyo ndiyo tungeweza kupata."

Alisema akitazama chini. Eucabeth aliukumbuka ule mwezi mzima wa kubishana juu ya jua la asubuhi. Aliona mkono wa mumewe kwenye karatasi ya Chege ukikisukuma chumba cha mtoto kushoto, na chumba cha mama kushoto zaidi. Kama angesema neno hilo moja mbele ya mchoraji, mchoraji angeuliza watu, angempigia hata Kogo simu Chebunyo. Radi ilipiga upande wa Bomet, na matone makubwa ya kwanza yakaanguka juu ya chokaa.

Ngazi ilikuja, ya mbao, ndefu kama futi ishirini, Onsongo na mwanamume mwingine wakiibeba. Waliilaza ardhini wakaisukuma taratibu kutoka mbele, ikapita juu ya sebule, juu ya korido, mpaka ncha yake ikafika miguuni pa Jerusa. Onsongo alileta pia mlango wa mbao mwepesi ambao haujapakwa rangi. Wakaulaza juu ya ngazi, upande wa mwisho.

Jairus akavua viatu. Ni mama yangu, alisema, na hakuna aliyembishia. Lakini alikuwa mtu mnene, mzito kuliko wote waliokuwepo, na alipofika nusu ya ngazi, mlio ulisikika chini yake, kavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Ardhi kando ya ngazi ikabonyea. Ufa mwembamba ukatokea kwenye nyasi, ukaenda kuelekea kwenye kiti.

"Rudi," Chege alisema. "Rudi pole pole. Wewe ni mzito."

Jairus alirudi akilia. Hakuwa amewahi kulia mbele ya binti yake.

Chege alisema ataenda yeye. Eucabeth akawa tayari amekwisha funga leso kiunoni. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko Chege, na zaidi ya hapo alijua kwamba mkwewe hatakubali kushikwa na mwanamume mgeni. Hakufikiri kwamba ni ujasiri. Alikuwa anaogopa, na alienda kwa sababu kukaa barabarani na kutazama kiti kile kikizama kulikuwa kubaya zaidi.

Walimfunga kamba ya Chege kiunoni. Akalala juu ya ngazi, akaenda.

Mvua ilikuwa imeshika sasa. Maji yalikuwa yakikimbia juu ya nyasi na kuingia kwenye ufa, na Eucabeth aliyasikia yakidondoka mahali fulani chini. Harufu ilitoka humo, ya ubaridi na ya uozo wa zamani. Hakuangalia. Aliangalia viatu vya Jerusa, vyeusi, vilivyopakwa rangi asubuhi na Maxine.

"Nyar Gem," Jerusa alimwita, yaani binti wa Gem, kwa jina la kwao kama alivyozoea. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usije. Rudi ukakae na mtoto."

"Mtoto yuko na baba yake. Mama, utateremka uje kwangu. Uanguke polepole kwa mbele, nitakushika."

"Nguo yangu itapanda."

"Sitaangalia."

Mama mkwe alimtazama. Katika miaka kumi na mitano hawakuwahi kushikana zaidi ya mikono ya salamu. Eucabeth alimheshimu, alimpikia, alimfulia, lakini kila mara kulikuwa na umbali wa mkwe na mkwe. Sasa Jerusa aliweka mkoba wake chini ya kiti kwa uangalifu, kana kwamba atarudi kuuchukua, akanyoosha mikono yote miwili, akajiachia.

Aliangukia juu ya ule mlango wa mbao, nusu juu ya Eucabeth. Alipiga kelele moja ya maumivu, fupi, kisha akauma kitambaa chake. Eucabeth alimzungushia leso kifuani akaifunga kwenye kamba. Aliwaambia wavute. Wanaume wakavuta mlango na ngazi na wanawake wawili pamoja, inchi kwa inchi. Eucabeth alikuwa amempakata mkwewe, uso kwa uso, akihisi moyo wa mama huyo ukipiga haraka kama wa kuku aliyeshikwa. Jerusa alikuwa akiomba kwa Kijaluo, bila kupumzika.

Walikuwa wamefika sebuleni kiti kilipoenda. Hakikwenda kwa kishindo. Nyasi zilishuka tu, zikakunjika kwa ndani, na kiti kikalala upande, kikapotea pamoja na mkoba. Halafu ndipo ardhi ikaanguka kwa kweli. Chumba cha Jerusa chote, na nusu ya chumba cha Maxine, kamba na vigingi, viliingia chini kwa sauti ambayo Eucabeth aliisikia zaidi kwa mifupa kuliko kwa masikio. Maji na tope vilirushwa juu. Kulipotulia, palibaki shimo pana kama chumba, kingo zake nyeusi, na vipande vya magogo vimechomoza pembeni.

Kigingi kimoja cha jikoni kilikuwa bado kimesimama.

Jerusa alipelekwa hospitali kwa gari lililowaleta, la wazima moto likiwa bado halijafika. Nyonga haikuwa imevunjika, ilikuwa imeteguka tu zaidi. Alilala huko siku nne. Siku ya pili alimwambia Eucabeth kwamba katika mkoba kulikuwa na Biblia yake na meno yake ya bandia, akacheka kidogo kwa mdomo mtupu, kisha akaanza kulia, na Eucabeth akapanda kitandani akamshika.

Nyumbani Jairus alingoja kugombezwa. Eucabeth hakumgombeza. Alipika, akashona, akaenda hospitali, akarudi. Maxine alianza kulala kati yao kitandani, msichana mkubwa vile, na hakuna aliyemkataza. Mara nyingine katikati ya kazi Eucabeth alijikuta amesimama katika kibanda chake cha sokoni, ameshika meza, akiipima sakafu ya simenti kwa kisigino.

Baada ya wiki mbili alimwambia mumewe waende kwa Chege. Walipofika alivuta kiti akaketi, akamwambia Jairus aseme yote aliyoambiwa na mzee aliyewauzia, neno kwa neno, mbele ya mchoraji. Jairus alisema. Ilikuwa ni yale yale: choo kimoja, karibu na ua, kimejazwa mawe. Eucabeth akauliza kama kuna lingine. Akasema hakuna. Eucabeth akauliza tena. Akasema hakuna, na jasho lilikuwa likimtoka.

Walirudi kwenye ploti siku ya jua. Safari hii Kogo Tapsabei aliingia kwenye ploti yao, akitembea kando kando ya ua, akionyesha kwa fimbo. Wanaume wawili walitoboa ardhi kwa chuma cha kuzungusha, hatua kwa hatua, wakiwa wamefungwa kamba kiunoni. Walipata mashimo sita, mbali na yale mawili yaliyokwisha bomoka. Mawili yalikuwa ndani ya shamba la Kogo mwenyewe, chini ya mahindi yake, na bikizee alirudi nyuma hadi kwenye ua alipoonyeshwa, kwa kuwa alikuwa ameyalima mahindi hayo miaka thelathini. Kile choo kimoja cha mzee kilikuwa kimojawapo, na hakikuwa na jiwe hata moja.

Kilichobaki kizima kilikuwa kipande cha mbele, pale palipokuwa uwanja wa mpira. Chege alichora upya. Sebule ilipungua, korido ikafutika, jiko likawekwa kwenye veranda. Chumba cha Jerusa kilibaki, kidogo sana, lakini mlango wake wa nje ulitazama barabara. Jairus alimwambia mkewe achague mwenyewe kila kitu. Alichagua. Kila ukuta ulipochorwa aliuliza chini yake kumepimwa mara ngapi, na Chege, ambaye naye tangu siku ile alikuwa mwoga wa nyasi, alimjibu bila kuchoka.

Kule nyuma walijaza mawe kwa miezi miwili, kisha wakazungusha ua wa nyaya, na hakuna aliyeenda kuanika nguo huko.

Waliomba kampuni muda, wakapewa mpaka Agosti. Waliingia nyumba haijapakwa rangi. Jerusa alikuja wa mwisho, ameshikwa na Maxine. Alisimama nje ya mlango wake muda mrefu. Alisema asiharakishwe. Kisha akatanguliza fimbo, akagonga sakafu, akagonga tena mbele yake, akaingia.

Jioni hiyo Jairus alimkuta mkewe jikoni, kwenye veranda, amesimama mgongo umegusa ukuta. Alimwuliza kama bado anaogopa.

Eucabeth alifikiri kabla ya kujibu.

"Ardhi nimeipima mwenyewe," alisema. "Ardhi siiogopi sana."

Jairus alingoja aendelee. Eucabeth aligeukia jiko, akawasha moto, akamwambia amletee maji. Akaenda kuyaleta. Alirudi akitembea taratibu, ndoo mkononi, na alipomfikia aliiweka chini na hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya veranda akimwambia, bila kuulizwa, kila kitu alichokumbuka kuhusu siku ya kununua ile ploti: nani alikuwepo, walikaa wapi, mzee alivaa nini, alisema nini kwanza na nini baadaye. Mengi hayakuwa na maana yoyote. Eucabeth alimsikiliza akikoroga ugali, na hakumwambia anyamaze.